Trei 28 za mayai kwa kopo moja

Dada yangu alikuwa kachuchumaa mlangoni mwa stoo anapanga mayai kwenye trei, moja moja, na nje ukungu wa Tukuyu umefunga, ule wa mwezi wa sita ambao saa tatu asubuhi bado huuoni mgomba wa jirani. Bodaboda alishafika, anapiga honi kule barabarani. Nikambebea trei mpaka kwenye pikipiki, zikapangwa, zikafungwa mpira, jamaa akaondoka polepole maana ile njia ikilowa ni utelezi mtupu.

"Leo umeuza nyingi," nikamwambia.

"Nilikuwa nazikusanya. Hela ya kopo la mwanao hiyo."

Mwanao ni mpwa wangu, mtoto wake wa kwanza, ana miaka 20 na anasoma chuo hapa Mbeya mjini. Tangu Januari anapiga vyuma. Na kopo ni lile kopo, kila anayeingia jimu analijua, unga wa protini, kilo 2 na kitu, alikoulizia yeye wanauza shilingi 280,000.

Trei dada anauza 10,000. Kuku wake wako 50, wanampa kama mayai 40 kwa siku. Nikiwa bado nimesimama pale kwenye tope nikapiga hesabu kichwani.

Trei 28.

Mayai 840. Wiki 3 za kuku wote, na hapo hujatoa hela ya pumba wala ya chanjo.

Tukarudi ndani kunywa chai. Mtoto wa mwisho wa dada, ana miaka 4, alikuwa keshakaa kwenye kigoda chake na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha kiazi kitamu. Nilimwona, nikamsalimia, nikapita. Akili yangu yote siku ile ilikuwa kwenye kopo.

## Jibu nililotoa haraka

Dogo, huyo wa chuo, huwa anakuja kwangu Jumapili, anafua, anakula, anachaji simu, jioni anarudi hosteli. Jumapili iliyofuata nikamkalisha. Nikamwambia yale yanayosemwaga siku zote: kopo ni biashara za watu, chakula kinatosha, wazee wetu huko Rungwe, wilaya ya Tukuyu kwa dada, walipandisha mikungu ya ndizi vilimani na vifua vilikuwa kama milango na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona hilo kopo. Nikaongea kama dakika kumi hivi bila kupumzika.

Akanisikiliza mpaka mwisho, ni mtoto ana adabu, afu akasema, "Sawa anko. Ila na wewe si unapiga chuma mwaka wa pili huu, na unakula hicho hicho chakula. Umeongeza kilo ngapi?"

Hakuuliza kwa dharau, alitaka kujua kweli.

Moja. Toka 73 mpaka 74.

Sikumjibu, nikaenda kutoa sufuria jikoni. Ila lile swali halikuniacha, nimelala nalo, nimepanda nalo bajaji kwenda kazini, nikiwa sokoni Mwanjelwa nanunua nyanya lipo tu. Maana nilikuwa nampa mtoto ushauri ambao mimi mwenyewe sijawahi kuupima hata siku moja. Chakula kinatosha. Haya, chakula kipi? Kiasi gani? Cha nani?

## Sahani yangu

Nikaazima mzani mdogo kwa jirani anayeoka keki, nikanunua daftari, nikaandika kila nilichokula siku 7.

Ikawa hivi, nachukua Jumatatu. Asubuhi chai ya maziwa na chapati 2, hapo kuna protini gramu 14 hivi. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, wali mwingi, maharage yale ya juu juu na mchuzi, gramu 15. Usiku ugali mkubwa, chainizi, na nyama vipande viwili, gramu 30. Jumla 59. Jumanne 55. Siku niliyopata supu asubuhi ilifika 72, ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Sasa mtu mzima wa kawaida, asiyejenga chochote, anayetaka tu mwili usipungukiwe, anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mimi kilo 74, inakuja 59. Yaani Jumatatu yangu ilikuwa imefika pale pale, imetimia kabisa kwa mtu anayekaa tu.

Ila anayenyanyua vyuma akitaka misuli iongezeke inabidi afike kwenye 1.6 kwa kilo. Kwangu ni 118.

Nusu.

Miaka miwili nimekuwa nikitoka jasho jioni saa 12, na baridi la Mbeya unalijua wakati huo, natoka na mgongo unauma, nakuja nyumbani nakula nusu ya kinachohitajika halafu namwambia mtoto wa watu chakula kinatosha. Hapo nilisikia vibaya sana. Tumbo lilikuwa linajaa, ndo maana sikuwahi kushtuka. Ugali unashibisha mpaka unasinzia. Kushiba na kula protini ya kutosha ni vitu viwili tofauti na mimi nilikuwa nimevichanganya maisha yangu yote.

Kwa hiyo dogo hakukosea. Kuna kitu kinapungua kweli, kwake na kwangu. Kilichobaki ilikuwa kujua kama cha kukiziba ni kopo.

## Waliopima

Mwaka 2018 kuna jopo la watafiti walikusanya majaribio 49, watu 1,863, wakachapisha kwenye British Journal of Sports Medicine. Majaribio yote ni ya watu wanaonyanyua vyuma, wengine wanaongezewa protini wengine hawaongezewi. Nimeisoma mara kadhaa na kuna mambo mawili yamenikaa.

La kwanza, kuongeza protini kunasaidia ila kidogo kuliko tunavyodhani. Tofauti ya misuli kati ya walioongezewa na wasioongezewa ilikuwa wastani wa gramu 300. Gramu mia tatu. Sehemu kubwa ya kilichoongezeka ilitokana na mazoezi yenyewe, kubeba chuma kizito leo, kesho kutwa kizito zaidi kidogo, bila kuruka wiki.

La pili, ukishafika ile 1.6 kwa kilo, kuongeza zaidi hakuonyeshi tena faida yoyote ya maana. Wale wanaokunywa vijiko 4 kwa siku na bado wanakula kuku nusu, kile cha ziada mwili unakichoma kama unavyochoma wali.

Na ile habari ya kukimbia na chupa, kwamba usipokunywa ndani ya nusu saa baada ya mazoezi kazi yote imepotea, haina mashiko. Misuli inaendelea kujijenga siku nzima na hata siku ya pili yake. Kinachohesabika ni jumla ya siku, ukiigawa kwenye milo mitatu minne. Nimeona vijana wanatetemeka kutingisha chupa pale mlangoni kwa jimu na nimekuwa natamani kuwaambia kaa chini mdogo wangu, nenda nyumbani, kale.

Kuna kisa kingine cha zamani nakipenda. Karne ya 19 huko Ujerumani mwanakemia mkubwa, Justus von Liebig, alifundisha kwamba misuli ikifanya kazi inajichoma yenyewe, yaani protini ndiyo kuni. Watu wakaamini. Mwaka 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakaamua kupanda mlima Faulhorn kule Uswisi, karibu mita 2,000 za kupandisha, na tangu siku moja kabla walikuwa wameacha kula protini, wanakula tu vikeki vya wanga vilivyokaangwa kwenye mafuta na chai ya sukari. Walikuwa wanakusanya mkojo wao njiani wapime naitrojeni. Wakafika juu. Na protini iliyochomwa haikutosha kabisa kueleza ile kazi.

Wanga na mafuta ndivyo viliwapandisha.

Mtu yeyote aliyepanda mlima Loleza hapa Mbeya asubuhi na kiazi tu tumboni analijua hilo kwa miguu yake. Protini ni tofali, haikupi nguvu ya kubeba tofali. Nguvu ni ule ule ugali na wali na ndizi tunavyovisema vibaya siku hizi, na kijana mwembamba anayeacha ugali ili anywe kopo atabaki mwembamba, maana jumla ya chakula chake imeshuka.

## Kopo ni maziwa

Hili ndilo lililonifanya nicheke kwa uchungu, nilipomweleza dada alikaa kimya kwanza.

Wakitengeneza jibini, maziwa yanaganda, lile ganda ndo linakuwa jibini, na yanabaki maji ya kijanjano. Yale maji yana protini nzuri sana. Wanayachuja, wanayakausha, wanapata unga. Ndo hiyo wei tunayoinunua. Tena ni kama sehemu moja tu kwenye tano ya protini yote iliyomo kwenye maziwa, sehemu nne ziko kwenye lile ganda.

Rungwe. Wilaya ambayo karibu kila kaya ya jirani zetu ina ng'ombe wa maziwa bandani anakatiwa majani. Maziwa yanatoka alfajiri kwenye madumu kwenda kukusanywa, mayai yanafuata kwenye boda, na hela yake inapanda basi kwenda kununua unga wa maziwa ya ng'ombe wa Ulaya au Marekani.

Sasa sitaki kulisema kopo vibaya, maana nilishafanya hivyo nikakosea. Ni protini ya kweli. Kijiko kimoja gramu 24 hivi, inasagika tumboni haraka, ina kwa wingi liusini, ile sehemu ya protini inayoamsha ujenzi wa misuli. Kwa mtu mwenye figo nzima haina sumu, mwenye ugonjwa wa figo ndo lazima amwone daktari kwanza, tena huyo hata nyama anapimiwa. Mchezaji anayesafiri kila wiki, mgonjwa anayeinuka kitandani hawezi kutafuna, mzee aliyekosa hamu ya kula, hao kopo linaweza kuwaokoa kabisa. Ni chakula kilichorahisishwa, na urahisi una bei yake.

Kinachonitia hofu ni vinavyouzwa pembeni ya kopo. Maabara moja ya Cologne, Ujerumani, mwaka 2000 na 2001 ilinunua virutubisho 634 kutoka nchi 13, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kuwa na homoni. Walipovipima, 94 vilikuwa nazo, karibu asilimia 15. Na Marekani kwenyewe, zinakotoka chapa nyingi, sheria yao ya 1994 haimlazimishi mwenye kiwanda kupata kibali cha usalama kabla hajaingiza kirutubisho sokoni. Hapa kwetu chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kwa hiyo kama umeamua kununua nunua dukani, soma lebo, angalia tarehe, usinunue unga uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni na mtu wa jimu anayesema huu ni ule ule.

Na yale makopo makubwa ya kunenepesha, yenye picha ya mtu mwenye mabega, geuza nyuma usome. Sehemu kubwa ni wanga, maltodekstrini, unga wa wanga uliovunjwa vunjwa. Unalipa laki kwa kitu ambacho uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga unakifanya kwa sufuria moja.

Jambo lingine, wengi wetu tukishakua tumbo halipendi sukari ya maziwa. Dogo alionjeshwa kijiko na mwenzake akalala na tumbo limejaa gesi usiku mzima. Akaniambia ni dalili kwamba inafanya kazi. Hapana, ni tumbo linakwambia limeshindwa. Mtindi ungempita salama zaidi.

## Hesabu ya shilingi

Nikarudi kwenye daftari, safari hii na bei za Mwanjelwa za wiki ile.

Kopo la 280,000 lina vijiko kama 75. Kijiko kimoja 3,700 na kitu, kinakupa gramu 24.

Mayai 3, gramu 18. Maziwa nusu lita, 16. Maharage yaliyopikwa vikombe 2 vilivyojaa, 30. Usipa mkavu gramu 30, ambao ni kama konzi ndogo tu, 18. Jumla 82, na kwa bei nilizokuta ilikuwa kama 2,600. Ugali na wali na chapati ambavyo utakula tu kwa vyovyote vinakuongezea 25 hivi. Dogo ana kilo 61, anahitaji 98. Kafika na zaidi.

Gramu 82 kwa 2,600 au 24 kwa 3,700.

Na yale mayai 840 ya dada? Gramu 5,000 na ushee. Kopo lililokuwa linanunuliwa nayo lina 1,800.

Nataka niseme kidogo kuhusu usipa, maana watu wa mjini wanaona ni mboga ya mwisho wa mwezi. Hawa samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaokuja toka Kyela, wakiwa wamekaushwa vizuri zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu, na unawala na mifupa kwa hiyo kalsiamu unapata humo humo. Hakuna kopo linalofika hapo kwa bei ile. Na parachichi, kwa vile Rungwe na Njombe tunayo mpaka yanaoza chini ya mti, kuna mtu alimwambia dogo yana protini. Yana gramu 2 tu kwenye gramu 100. Ale, ni mafuta mazuri na yanaongeza uzito, ila asiyahesabu upande huo.

Mayai mabichi pia. Vijana wanapasua matano kwenye glasi wanakunywa wamefumba macho. Yai lililopikwa mwili unachukua karibu asilimia 90 ya protini yake, bichi ni kama nusu. Chemsha. Unatupa nusu ya yai la mama yako.

## Saa tatu za maharage

Hapa ndo dogo alinibana tena, na alikuwa na haki.

"Anko, maharage nayapikia wapi?"

Hosteli wana jiko moja la umeme la wizi, wanapika usiku. Mbeya tuko juu, mita 1,700, maji yanachemka yakiwa hayajafika nyuzi 100, yanachemkia kwenye 94 hivi, ndo maana maharage huku yanakula mkaa kuliko Dar. Mwanafunzi anayetoka kipindini saa 11 jioni akaenda jimu mpaka saa 1 usiku, umwambie achemshe maharage kwa saa tatu, atakula saa 4 usiku. Kijiko cha kopo ni dakika moja. Nilikaa nikaona kweli hapa kuna kitu ambacho wanaosema chakula kinatosha huwa tunakiruka: chakula kinatosha kama kuna mtu anakupikia. Wazee wetu waliokuwa na vifua kama milango kulikuwa na mama jikoni toka saa 10 alfajiri.

Kwa hiyo tukakubaliana hivi. Jumamosi usiku naloweka maharage, yanapungua muda wa kuiva, Jumapili tunapika sufuria kubwa kwangu. Anabeba ya siku 2, na baridi la huku la Juni na Julai linatusaidia, asubuhi anayachemsha tena. Katikati ya wiki anakula mayai ya kuchemsha na mtindi, vitu vya dakika kumi. Siku nyingine anakula kande kwa mama mmoja jirani na chuo.

Kande wala tusiidharau. Mahindi peke yake protini yake imepungukiwa laisini, moja ya vipande vinavyoijenga protini, maharage yanayo kwa wingi, na kile maharage yamepungukiwa mahindi yanacho. Vikikutana sufuria moja vinazibana mapengo. Bibi zetu walivichanganya kabla ya maabara yoyote, na maharage yenyewe yako hapa hapa, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wametoa mbegu kama Uyole 96 ambazo zimesambaa nyanda zote hizi. Ni kweli protini ya maharage mwili hauichukui yote kama ya yai, ndo maana nilimwekea vikombe viwili na siyo kijiko cha juu ya wali.

## Kigoda

Hii sehemu nimeiandika mara nyingi nikafuta.

Nilipokuwa natafuta takwimu za chakula nikakutana na za udumavu. Utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto chini ya miaka 5. Tanzania nzima asilimia 30 wamedumaa. Iringa 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mikoa mitatu ya juu kabisa nchini, yote ya kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwenye mahindi, kwenye viazi, kwenye maziwa.

Sisi tunaolisha nchi.

Na ndipo nikamkumbuka yule mtoto kwenye kigoda, chai ya rangi, kiazi. Trei zinapita mlangoni mbele yake. Nilikuwepo, nilizibeba mwenyewe.

Udumavu una sababu nyingi, siyo yai tu, kuna afya ya mama akiwa mjamzito, kuharisha, maji machafu, kazi za shamba zinazomtoa mama nyumbani toka asubuhi, na mlo wa aina moja kila siku. Hata utafiti wa mayai wenyewe haukubaliani. Ekwado walipowapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kwa siku kwa miezi 6, udumavu ulishuka karibu nusu, wakachapisha 2017. Wakarudia jirani zetu Malawi, Mangochi, na urefu wa watoto haukubadilika. Ila watoto wa Mangochi walikuwa tayari wanakula samaki wa ziwa. Lile lile ziwa la usipa. Kwangu mimi maelezo hayo yanaingia akilini, yai linamsaidia zaidi ambaye hana kitu kingine.

Wa kwetu ana miaka 4, zile siku 1,000 za mwanzo zenye uzito mkubwa, toka mimba mpaka miaka miwili, zimeshapita. Bado anakua lakini. Bado ana mifupa ya kujenga.

Nyumbani kwa dada hakuna mwiko wa yai. Yai ni hela, basi. Na mimi nimekuwa nabishana wiki nzima kuhusu gramu 98 za kijana wa miaka 20 mwenye afya, mtoto anayehitaji gramu 15, 20 kwa siku anakunywa chai ya rangi kwenye nyumba yenye kuku 50 na ng'ombe mmoja.

Nikampigia dada. Nilijipanga niongee kwa upole maana yeye ndo mkubwa, kanilea.

"Dada, yai moja kila siku libaki la huyu mdogo. Na kikombe cha maziwa."

Akakaa kimya. Afu akasema, "Mwe, unadhani mi sipendi? Hosteli ya kaka yake inalipwa na mayai hayo hayo. Ng'ombe akipunguza maziwa wiki moja tu naanza kukopa chumvi. Wewe unahesabu gramu, mimi nahesabu trei."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo naandika hivi sina la kumshinda. Ana haki. Yai moja kwa siku ni trei moja kwa mwezi, 10,000, na kwake 10,000 ina kazi tatu zinazoigombania.

Tulichofikia, dogo mwenyewe ndo alikisema Jumapili pale jikoni kwangu, anachambua maharage kwenye ungo. Kwamba kopo asinunuliwe. Hela ile isitumwe, trei mbili kila mwezi zisitoke nyumbani, moja ya mdogo wake, moja ya mama, maana na yeye mama yuko kwenye shamba siku nzima na hali yai. Mimi nikasema maziwa ya mtoto nitayalipia mimi, nusu lita kwa siku, natuma kila Ijumaa kama ninavyolipa luku.

Alisema bila mtu kumwambia. Nilimwangalia nikakumbuka kile kigoda alikuwa anakikalia yeye.

Ni miezi miwili sasa. Dogo kaongeza kilo 2, mimi moja na nusu, na chuma ninachobeba kimepanda. Mwezi uliopita dada aliuza trei mojawapo kwa ajili ya sare za shule, akanipigia mwenyewe kuniambia, sauti imeshuka. Nikamwambia ndaga dada, usiwaze. Jana jioni dogo kanitumia sauti kwenye Wasapu, nyuma yake nasikia kelele za hosteli, anauliza usipa wenye mchanga unaoshwa mara ngapi, na ni maji ya moto au ya baridi, kwa sababu Jumamosi anaenda Tukuyu na amenunua kisado kizima cha kupeleka.